Je, wajua kamera yako haijui rangi?

Shangazi yangu wa Langoni, hapa Lamu, alinunua leso mpya akataka nimpige picha amejifunga, amekaa kwenye daka, kibaraza cha mlangoni mwa nyumba yake. Mji wa leso, yaani sehemu yake ya kati, ulikuwa wa kijani kilichokolea, umejaa maua mekundu makubwa kama visahani. Nikaona nimfanyie mambo: nikaiweka kamera kwenye nyeusi na nyeupe, nikapiga. Alipoitazama picha kwenye kioo alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, maua yangu umeyapeleka wapi?"

Hayakuwapo. Pindo lilionekana vizuri, jina la leso lilisomeka herufi kwa herufi, lakini mji wote ulikuwa kijivu kimoja kama turubai la mchuuzi.

Ili kumjibu ilinibidi nianzie mbali, kwenye jambo ambalo muuza kamera hakwambii: kamera ya dijitali haijui rangi. Nyuma ya lenzi mna kibamba kidogo kinachopokea mwanga, nacho huitwa kihisi. Kimegawanywa vipande vidogo mno, mamilioni kwa mamilioni, na kila kimoja ni pikseli. Pikseli inapima kitu kimoja tu, wingi wa mwanga ulioingia. Mwanga huo ukiwa mwekundu au wa buluu, kwake ni mamoja.

Ndiyo maana kamera ya dijitali aliyoiunda Steven Sasson katika kampuni ya Kodak, Marekani, mwaka 1975, ilitoa picha nyeusi na nyeupe tu. Ilikuwa na pikseli 10,000, yaani 100 kwa 100, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye utepe wa kaseti. Simu yenye megapikseli 12, yaani pikseli milioni 12, ina pikseli mara 1,200 ya hizo.

Rangi ilipatikana kwa ujanja. Mhandisi mwingine wa Kodak, Bryce Bayer, alibuni njia ya kufunika kila pikseli kwa kichujio kidogo cha rangi, akapewa hataza yake mwaka 1976. Katika kila pikseli nne, mbili hufunikwa kwa kijani, moja kwa nyekundu na moja kwa buluu. Kijani kilipewa mara mbili kwa sababu jicho la binadamu hutegemea zaidi mwanga wa kijani kupambanua kilichong'aa na kilichofifia. Kwa hiyo kamera ya megapikseli 24 ina milioni 12 za kijani, milioni 6 nyekundu na milioni 6 za buluu. Kila pikseli inajua rangi yake moja tu. Hizo mbili zilizobaki kompyuta ya kamera huzikisia kwa kuwachungulia majirani. Rangi zote tunazojivunia kwenye picha zetu, sehemu kubwa ni makisio. Makisio mazuri, lakini makisio.

Sasa turudi kwenye maua. Ukichagua nyeusi na nyeupe, kamera haivui vile vichujio. Inapiga picha ya rangi kama kawaida, kisha inazichanganya rangi tatu kuwa kijivu. Kanuni moja ya zamani inayotumika sana, iliyotoka kwenye televisheni, huchukua asilimia 29.9 ya nyekundu, 58.7 ya kijani na 11.4 ya buluu. Kila rangi ina viwango kuanzia 0 hadi 255. Chukua nyekundu ya kiwango 200: asilimia 29.9 yake ni 60 hivi. Chukua kijani cha kiwango 102: asilimia 58.7 yake nayo ni 60 hivi. Rangi mbili ambazo hata mtoto hazimpotezi zinashukia kijivu kile kile. Maua ya shangazi hayakufutwa. Yalifanana na mji wa leso hata yasitofautike.

Kosa lilikuwa langu. Nilipiga JPEG peke yake, lile faili la picha ambayo kamera imekwisha kuitengeneza, na kamera ikishamaliza kuchanganya, rangi za asili hutupwa. Dawa ni kuhifadhi faili ghafi, lile linaloandikwa RAW kwenye menyu. Hapo kioo kinaweza kukuonyesha nyeusi na nyeupe unapopiga, jambo ninalolipenda kwa sababu macho huacha kuhangaika na rangi yakaanza kutafuta vivuli, lakini rangi zote zimo ndani ya faili. Ukifika nyumbani, kwenye kompyuta, unachanganya mwenyewe: ongeza nyekundu, maua yanang'aa, ongeza kijani, yanazama na mji unapanda.

Wapiga picha wa filamu walifanya hivyo hivyo kwa vioo vya rangi walivyovifunga mbele ya lenzi, ila wao walilazimika kuamua kabla ya kubonyeza. Kioo chekundu kilipendwa kwa sababu huzuia buluu ya mbingu: anga linakuwa jeusi, mawingu yanatokeza. Simama ukutani pale mbele ya mji wa Lamu, jahazi likiwa limepandisha tanga jeupe, kisha kwenye kompyuta tumia nyekundu pekee, utaona tanga linavyochomoza kwenye anga lililokolea. Usizidishe tu. Anga la buluu lina nyekundu kidogo sana, na ukiilazimisha, picha inajaa chenga kama televisheni iliyopoteza mawimbi. Kwa nyuso za watu, nyekundu hulainisha ngozi; buluu hutoa kila doa na kila kunyanzi. Ukimpiga mzee mvuvi huenda ukaitaka buluu. Ukimpiga bibi harusi, usithubutu.

Kuna jingine linalotusumbua sana Lamu. Kipimo cha mwanga cha kamera hakijui inatazama nini. Hukisia kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Elekeza kwenye ukuta wa chokaa au mstari wa kanzu nyeupe siku ya Maulidi, itaona mwanga umezidi, itaupunguza, na weupe utatoka kama maji ya mchele. Sogeza alama ya fidia ya mwanga hadi +1, picha ipate mwanga zaidi. Mbele ya buibui jeusi fanya kinyume, -1. Ila kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, saa sita mchana, upande mmoja wa ukuta umewaka jua na mwingine ni giza, usijaribu kuokoa vyote. Weupe ukishaungua hakuna kilichobaki ndani yake cha kurudisha, lakini gizani mara nyingi mna kitu, hasa kwenye faili ghafi, ambalo likiwa la biti 14 lina viwango 16,384 vya mwanga badala ya 256 vya JPEG. Mimi huulinda weupe, kisha nikaacha giza liwe giza. Vichochoro vyetu ndivyo vilivyo.

Wapo waliovua vichujio kabisa. Mwaka 2012 kampuni ya kamera ya Leica ilitoa kamera ya megapikseli 18 isiyo na hata kichujio kimoja cha rangi. Kila pikseli inapokea mwanga wote na hakuna kukisia, kwa hiyo picha ni kali zaidi na chenga ni chache. Lakini bei yake ni ya kununulia mashua, na mwenye nayo amerudi palepale kwenye kioo chekundu mbele ya lenzi, maana faili lake halina rangi ya kuchanganya.

Nilimpiga shangazi upya, leso ile ile, daka lile lile, safari hii kwa faili ghafi. Nikaongeza nyekundu mpaka maua yakatoka meupe pee juu ya mji mweusi, nikamchapishia. Akaiangalia mbali, akaiangalia karibu.

"Maua nimeyaona," akasema. "Sasa niambie, nitawezaje kuwaonyesha watu kwamba ni mekundu?"