"Baraza la familia" la Marekani si idara ya gavana

Kila muswada wa ndoa au wa shule unapozua kelele Marekani, taarifa zetu za habari husema "baraza la familia la jimbo" limetoa tamko, na msikilizaji anabaki akidhani ni ofisi ya serikali. Wapo wanaoliita kanisa. Juzi nimesikia likiitwa tawi la chama cha Republican, uvumilivu ukanishinda.

Kwa ufupi, ni shirika lisilo la kiserikali la Wakristo wahafidhina, linaloishi kwa michango na kulishawishi bunge la jimbo moja kuhusu ndoa, utoaji mimba, shule na uhuru wa dini. Mifano ni Center for Arizona Policy, Texas Values, Pennsylvania Family Institute na The Family Leader la Iowa. Jimbo hapa ni lile lenye gavana wake na Mahakama ya Juu yake, si jimbo la uchaguzi la mbunge wetu.

Mengi ya makundi haya yana undugu na Focus on the Family, shirika lililoanzishwa mwaka 1977 na James Dobson, ambaye, kinyume na wengi wanavyodhani, alikuwa mwanasaikolojia na si mchungaji. Lakini undugu si utawala. Kila kundi lina bodi yake na hujitafutia fedha zake.

Kwa nini basi wajigawe kijimbo badala ya kurundikana wote Washington? Kwa sababu Katiba ya Marekani haitaji ndoa wala shule mahali popote. Mambo hayo kwa kawaida hutungiwa sheria na majimbo. Ndiyo maana "ndoa ya agano", ambayo kuivunja ni kugumu kuliko ndoa ya kawaida, ipo katika majimbo matatu tu: Louisiana tangu 1997, Arizona tangu 1998 na Arkansas tangu 2001. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi iliyanyang'anya majimbo uwezo wa kukataa ndoa za jinsia moja. Mwaka 2022 mahakama hiyohiyo ikayarudishia suala la utoaji mimba, na kazi katika mabunge ya majimbo ikawa kubwa zaidi.

Sasa hilo la chama. Mwaka 2014 Center for Arizona Policy lilipigania muswada namba 1062, ambao ungempa kinga mfanyabiashara anayekataa kumhudumia mtu kwa sababu za kidini. Bunge lenye Warepublican wengi liliupitisha. Wenye biashara wakaja juu, maseneta wote wawili wa Arizona, Warepublican, wakataka ukataliwe, na Gavana Jan Brewer, Mrepublican pia, akakataa kuutia saini. Tawi la chama haliangushwi hivyo na wenye chama. Ni kweli kwamba marafiki zao wengi wamo humo, na sioni haja ya kulificha hilo, ila shirika la hisani lililosamehewa kodi haliruhusiwi kumpigia debe mgombea, na sheria hiyo ipo tangu 1954. Ndiyo sababu mengi huunda shirika pacha la kisiasa, lenye hesabu zake mbali.

Kosa linaloniudhi kuliko yote ni letu wenyewe, Afrika Mashariki. Family Watch International, linalotajwa sana katika mijadala ya Kampala na Nairobi, nalo lina makao Arizona, basi watu hulichanganya na Center for Arizona Policy kana kwamba ni nyumba moja yenye milango miwili. La kwanza hufuatilia Umoja wa Mataifa na serikali za nje, Afrika ikiwemo. La pili shughuli yake ni bunge lililopo Phoenix. Kumtwika mmoja maneno ya mwenzake ni uzembe, hata kama yanafanana.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, ukiletewa tamko la namna hii, tangulia kutaja jimbo, kisha useme "kundi la ushawishi la Wakristo wahafidhina". Likitoka Arizona, soma jina mara mbili kabla ya kwenda hewani.