Bushi za Nyuma: Mpira Usiozunguka

Bushi ni kiungo kidogo cha mpira na chuma kinachokaa kwenye ncha ya amu, yaani ule mkono wa chuma unaoshikanisha gurudumu na chasisi. Ukiipasua katikati utakuta tabaka tatu: kibomba cha chuma kilicho ndani, ambamo bolti hupita, ganda la chuma lililo nje, ambalo limebanwa kwenye tundu la amu, na baina ya vyuma hivyo viwili, mpira ulioshikamanishwa navyo kiwandani hadi usiweze kubanduka kwa mkono. Huko kushikamana ndiko kunakosahauliwa. Wengi wetu huichukulia bushi kama aina ya beringi, kitu kinachozunguka juu ya bolti kama tairi la baiskeli linavyozunguka kwenye ekseli yake, ilhali bushi ya mpira haizunguki hata kidogo. Nati ikishakazwa, kibomba cha ndani huwa kitu kimoja na chasisi, na gurudumu linapopanda au kushuka, kinachofanya kazi ni mpira wenyewe, unaosokotwa kidogo kwenda upande mmoja kisha ukajirudi.

Hapa Tabora gari la spoti linaloonekana zaidi gereji kwa tatizo hili ni Toyota Altezza, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1998 hadi 2005. Ni gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, na kila gurudumu la nyuma limeshikwa peke yake na amu kadhaa, za juu na za chini, kila moja na bushi zake. Mpira huzeeka hata gari likiwa limelala tu: joto huukausha, oili inayovuja kwenye difu, yaani kile kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, huuvimbisha na kuulegeza, na vumbi hujipenyeza kwenye nyufa na kuusaga. Bushi ikishachoka, amu hupata nafasi ya kucheza, na mchezo wa milimita mbili tatu hapo unatosha kuligeuza gurudumu lielekee pembeni kidogo bila dereva kugusa usukani. Ndiyo maana mtu anayeshuka na barabara ya Nzega kwa mwendo mzuri huhisi mkia wa gari ukisogea anapoachia mafuta, kisha ukisogea tena anapokanyaga. Baadaye tairi za nyuma huanza kulika upande wa ndani, naye hulaumu tairi.

Kuzitoa bushi kuukuu ni kazi ya nguvu, wala sitaificha. Presi, yaani mashine ya kukandamiza, ndiyo njia safi. Asiyekuwa nayo hutumia bolti ndefu, nati, washa nene na kipande cha bomba, akaivuta bushi taratibu itoke upande wa pili. Wapo wanaouchoma mpira kwa gesi, njia ambayo siipendi, kwa sababu moshi wake ni mbaya kwa kifua na joto linaweza kuharibu amu. Ganda likikataa kutoka, huchanwa kwa ndani kwa jino la msumeno, kwa uangalifu usifike kwenye chuma cha amu. Kabla ya yote hayo, angalia kama mpira una matundu: bushi nyingine huachiwa uwazi makusudi ili ziwe laini kuelekea upande mmoja na ngumu upande mwingine, hivyo mpya lazima ikae kwa mwelekeo uleule. Alama ya chaki kwenye amu inatosha. Wakati wa kuingiza mpya, paka maji ya sabuni badala ya grisi au oili ya injini, ambazo huula mpira.

Magari ya zamani zaidi yana vituko vyake. Datsun 240Z, gari ambalo Shekhar Mehta alishinda nalo Safari Rally mwaka 1973, lina pini ndefu inayopita kwenye bushi za chini za gurudumu la nyuma, na kutu huikamata pini hiyo kiasi kwamba fundi anaweza kumaliza siku nzima akipigana nayo kabla ya kuugusa mpira.

Sasa tufike penye kosa linaloua bushi mpya. Gari likiwa juu ya stendi, magurudumu huning'inia na amu huinama kuelekea chini. Fundi akikaza nati hapo, kibomba cha ndani kinajifunga katika mkao huo wa kuning'inia. Gari likishushwa, amu hupanda, na mpira unabaki umesokotwa muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa chini ya mwembe. Tuseme amu imepanda nyuzi 15: nyuzi hizo ni mzigo wa kudumu, na kila shimo linaongeza nyingine juu yake. Mpira huchanika mapema, mwenye gari hurudi akinung'unika kwamba ameuziwa spea feki, na fundi naye humwitikia.

Tiba yake ni futi ya fundi seremala. Gari likiwa bado chini, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, uandike kipimo kwa chaki kwenye bodi. Tuseme ni sentimita 36. Ukishafunga amu zote kwa nati zilizokazwa nusu tu, weka jeki chini ya amu karibu na gurudumu, uinue mpaka kipimo kirudi 36, ndipo ukaze kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Niliwahi kumwambia fundi mmoja hivyo, akanijibu, "Mzee, mimi miaka yote nakaza hewani." Nikamwomba anipe moja ya bushi alizokuwa amezitupa. Kibomba chake kilikuwa kimebaki kimepinda upande, na ufa wa mpira ulikuwa umekatwa kimshazari kama kamba iliyosokotwa kupita kiasi.

Bushi za poliyurethini, aina ya plastiki ngumu, ni habari nyingine: hizo kwa kawaida huteleza kweli juu ya kibomba chake, huhitaji grisi yake maalumu, hukazwa katika mkao wowote, na zikikauka hulia kama mlango wa zamani. Zile zinazochongwa kwa tairi kuukuu hazina kibomba kilichoshikamana na chochote, kwa hiyo hukaa kama kabari tu, na kwenye mguu wa nyuma wa gari la mwendo singemshauri mtu azitumie. Iwe mpira au poliyurethini, kazi ikiisha gari lipelekwe kwenye alaimenti, yaani kupimwa na kunyooshwa mwelekeo wa magurudumu, kwa sababu amu zilizofunguliwa hazirudi kwenye pembe zake kwa kukisia.