Ruta kuwaka taa si dalili kwamba ni nzima

Mvua zimeanza Kigoma na meza yangu imejaa ruta. Mchana ngurumo zinasikika kwa mbali upande wa Kongo, jioni wingu linavuka ziwa, umeme unakatika, unarudi, unakatika tena. Asubuhi yake watu wanaingia mmoja mmoja na mfuko mkononi, na karibu kila mmoja ananiambia maneno yaleyale: "Fundi, ruta yenyewe haina shida, taa zote zinawaka. Tatizo ni hao watu wa intaneti." Wiki hii nimeyasikia hadi nimechoka. Yanawagharimu watu siku nzima za kusubiri na pesa za vifurushi visivyotumika, kwa hiyo nayajibu hapa mara moja.

"Taa zinawaka, kwa hiyo ni nzima"

Taa ya ruta ni kitu kidogo sana. Miliampea chache tu zinatosha kuiwasha. Prosesa (ubongo wa ruta), redio ya Wi-Fi na chipu ya poti (tundu la kuchomeka waya wa mtandao) kwa pamoja zinataka umeme mara mia kadhaa ya huo. Adapta iliyojeruhiwa inaweza kukosa nguvu ya kuendesha ruta na bado ikawasha taa zote vizuri kabisa, huku wewe ukizitazama na kumlaumu mtu aliyeko ofisini.

Juzi amekuja mama mmoja kutoka Ujiji, anafanya uwakala wa kutuma na kupokea pesa. Siku nne alikuwa anapiga simu kwa kampuni yake ya intaneti, na kila mara anaambiwa laini haina tatizo. Nikachomeka ruta yake mezani, nikamwomba tukae tuitazame pamoja bila kusema kitu. Taa ya umeme ikawaka, ikafuata ya Wi-Fi, kisha ya intaneti. Baada ya kama dakika moja zote zikazimika kwa mpigo, zikaanza upya. Ni jambo la sekunde moja, na mtu anayehudumia wateja dukani hawezi kuliona.

Nikapima adapta ikiwa peke yake: volti 12.2. Fundi mwenye haraka angeishia hapo na kusema ni nzima. Nikafungua ruta, nikagusisha ncha za multimita, kipimo changu cha umeme, nyuma ya tundu la umeme huku ruta ikiwa kazini. Volti 11, zikashuka hadi 9, Wi-Fi ilipoanza kurusha zikafika 7, ruta ikajizima. Ndani ya adapta nilikuta kapasita moja (kijipipa kinachotunza umeme) ambayo kichwa chake, kinachotakiwa kuwa bapa, kimetuna, na utomvu wa kahawia umekaukia chini yake. Nikaweka adapta nyingine ya volti 12, ampea 1. Mama yule akaondoka na ruta yake ileile. Alikuwa ameshaanza kutafuta pesa ya kununua mpya.

Upande wa pili wa dhana hii ni poti. Umeme mkubwa hauingii kwa njia ya soketi peke yake. Waya mrefu unaotoka kwenye antena ya paani au kamera ya getini unaokota umeme wa radi hata kama radi yenyewe imepiga mbali na nyumba. Ndani ya kila poti kuna transfoma ndogo ya kutenganisha, ambayo kwa kawaida imetengenezwa kustahimili volti 1500 hivi. Radi haijali kiasi hicho. Unabaki na ruta ambayo Wi-Fi yake inaonekana kwenye simu, taa ya umeme imetulia, lakini poti inayopokea intaneti imekufa. Wakati mwingine hata taa ya poti hiyo inawaka na bado data haipiti.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, fanya hivi. Kwanza chaji simu kwenye soketi hiyohiyo ujue soketi ni nzima. Kisha chomoa nyaya zote nyuma ya ruta, ibaki na adapta tu, na uitazame dakika 10 bila kuondoka. Ikijizima na kuwaka tena, anza kuishuku adapta. Ikitulia, zima data ya simu, ingia kwenye Wi-Fi ya ruta, fungua kivinjari na uandike anwani iliyo kwenye stika chini ya ruta, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukurasa wa mipangilio ukifunguka, ubongo wa ruta uko hai, tafuta tatizo kwenye poti, waya au laini. Usipofunguka, kampuni ya intaneti bado haijahusika. Mwisho rudisha nyaya mmoja baada ya mwingine, ukitumia waya unaojua ni mzima. Ule utakaoifanya ruta igande au ijizime, anza kukishuku kifaa kilicho mwisho wake wa pili.

Guso la mkono nalo linasaidia. Ruta iliyowashwa dakika mbili tu na tayari sehemu moja ya mgongo wake inachoma kuliko kwingine, chomoa. Kuna chipu imepiga shoti ndani.

"Nimeshabonyeza reset, imegoma"

Reset inafuta mipangilio. Haiunganishi kilichoungua. Na sasa umenipa kazi mbili, maana jina na nywila ulizopewa na kampuni siku ya kuunganishwa vimeondoka, na Wi-Fi imerudia jina la kwenye stika, ndiyo maana familia nzima inasema mtandao umepotea. Kuzima na kuwasha ruta ni jambo jingine, hilo fanya bila hofu. Lile tundu la sindano la reset liache mpaka uwe umepiga picha mipangilio yote.

"Adapta yoyote ikiingia pini inafaa"

Hapana. Volti zilingane na zilizoandikwa kwenye ruta, ampea ziwe sawa au zaidi, na mchoro wa chanya na hasi ufanane. Nimepokea ruta za volti 5 zilizochomekwa adapta ya volti 12 ya king'amuzi. Zilikuwa zimesalimika na radi, zikauawa sebuleni.

"Nina friji gadi, niko salama"

Salama kwa kitu kimoja, na kitu hicho ni kikubwa: nyutro, waya wa kurudisha umeme, ikikatika huko kwenye nguzo, nyumba iliyotakiwa kupata volti 230 inaweza kupata zinazokaribia 400, na friji gadi nzuri inakata. Pia inasubiri dakika kadhaa umeme ukirudi, na wakati ule wa kurudi ndio unaoua adapta nyingi. Mimi nashauri kila mwenye ruta awe nayo. Lakini mpigo wa radi unapita kwa mikrosekunde, kabla swichi ya ndani haijajongea. Ekstensheni kuwa na taa nyekundu hakumaanishi kwamba ina ulinzi. Hata ile yenye kinga ya kweli huchakaa kila inapopokea pigo, na sehemu kubwa ya kazi yake inategemea waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, ambao nyumba nyingi ninazoingia Mwanga na Gungu zina tundu lake ukutani na hazina fimbo ardhini.

Radi ikianza, chomoa. Adapta kwenye soketi, na waya wa antena nyuma ya ruta. Naona watu wanakimbilia kufunika vioo kwa kanga huku waya wa paani umechomekwa vilevile. Kioo hakikuhitaji kanga. Na usichomoe radi ikiwa imeshafika juu ya nyumba, wakati huo kaa mbali na nyaya, ruta inanunulika.

"Mimi natumia faiba, waya wake ni kioo, na kioo hakipitishi umeme"

Kioo hakipitishi, kweli. Kisanduku cha faiba, hata hivyo, kina adapta yake kwenye soketi yako na waya wa shaba unaokiunganisha na ruta, kwa hiyo kinaungua kama kingine chochote. Ila hapo kuna taa moja ninayoiamini: ile iliyoandikwa LOS. Ikiwa nyekundu na taa ya umeme imetulia, mwanga haufiki kwenye kisanduku. Kagua kama waya wa faiba haujapinda au kuchomoka nyuma, kisha piga simu kwa kampuni. Usiniletee mimi.