"Wapiga kura wa maadili" ni akina nani, na kwa nini huamshwa kila uchaguzi?

Uchaguzi mkuu wa Marekani ukikaribia, msemo mmoja hurudi vinywani mwa wachambuzi: wapiga kura wa maadili. Anayeusikia kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni watu wema wanaochagua viongozi wema, na waliobaki wote ni wahuni. Hapana. Ni jina la kisiasa, na limependwa zaidi na wale wale wanaojiita kwalo.

Wanaotajwa hapa ni Wakristo wahafidhina ambao, wakishika karatasi ya kura, huanza na utoaji mimba, ndoa, malezi ya watoto na nafasi ya dini shuleni. Kodi na ajira hufuata baadaye. Kiini chao ni wainjilisti weupe, wale ambao kwa Kiswahili cha kila siku tungewaita walokole. Pembeni yao wapo Wakatoliki wahafidhina na Wamormoni. Tangu mwaka 2006 walikuwa hata na mkutano wao wa kila mwaka mjini Washington, ulioitwa Values Voter Summit, yaani mkutano wa wapiga kura wa maadili, ambako wanaotaka urais kwa tiketi ya Republican, chama cha kihafidhina, walipanda jukwaani mmoja mmoja kuomba baraka.

Neno linalofuatana na msemo huu ni kuhamasisha, na hapa ndipo wengi hukosea. Wanafikiri kazi ya mgombea ni kuwashawishi watu hawa wamkubali. Mlokole wa kijiji fulani cha Alabama hana haja ya kushawishiwa. Msimamo wake anaujua, na chama kinachoukaribia anakijua. Swali ni kama Jumanne ya uchaguzi atatoka nyumbani. Marekani hailazimishi mtu kupiga kura, katika majimbo karibu yote lazima ujiandikishe kwanza, na siku yenyewe ni siku ya kazi. Hata uchaguzi wa rais huachwa na karibu theluthi moja ya wenye haki ya kupiga kura, na miaka mingine zaidi ya hapo. Kwa hiyo mpinzani mkubwa wa mgombea wa kihafidhina ni kochi la muumini wake mwenyewe.

Aliyelisema hili waziwazi ni Karl Rove, mpanga mikakati wa George W. Bush. Urais wa Marekani huamuliwa jimbo kwa jimbo, na mwaka 2000 Bush alishinda Florida, na pamoja nayo urais, kwa kura 537 tu. Baadaye Rove alilalamika kwamba wainjilisti wapatao milioni 4 aliowatarajia hawakujitokeza. Kwa hesabu hiyo, kampeni iliyofuata haikuhitaji kumbadilisha mtu mawazo. Ilihitaji kugonga milango ya waliolala.

Lakini walilalaje watu wenye msimamo mkali namna hii? Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, wainjilisti wengi waliiona siasa kama tope: mtu aliyeokoka hajichafui nalo. Utoaji mimba wenyewe, unaoonekana leo kama bendera yao, ulihesabiwa na wengi wao kuwa hoja ya Wakatoliki. Mwaka 1971, mkutano mkuu wa Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa la kiinjilisti, ulipitisha azimio lililokubali utoaji mimba katika mazingira kadhaa, ikiwemo ubakaji na hatari kwa afya ya mama. Mahakama ya Juu ilipouhalalisha nchi nzima mwaka 1973, makanisa mengi ya kiinjilisti hayakupiga kelele siku ile.

Nini kiliwaamsha basi? Wapo wanaotaja sala, kwa kuwa mwaka 1962 Mahakama ya Juu ilizuia shule za umma kuongoza wanafunzi katika sala. Paul Weyrich, mmoja wa waasisi wa vuguvugu hili, alitoa jibu lisilopendeza masikioni mwa wenzake: alisema kilichowachoma ni serikali kuzinyima msamaha wa kodi shule za Kikristo zilizobagua Weusi. Wanahistoria bado wanabishana kuhusu uzito wa kila sababu. Mimi naona Weyrich alikuwa na ukweli mwingi, maana mtu anayekiri jambo linalomfedhehesha huwa na sababu chache za kudanganya.

Kituko ni kwamba mwanasiasa wa kwanza kufaidi kuamka huko alikuwa wa chama kingine. Jimmy Carter wa Georgia, Mdemokrati na mwalimu wa shule ya Jumapili, alitangaza hadharani mwaka 1976 kwamba ameokoka, na walokole wengi wakampa kura. Wakamchoka upesi. Mwaka 1979 mchungaji Jerry Falwell wa Lynchburg, Virginia, alianzisha shirika la Moral Majority, yaani Wengi Wenye Maadili, na kazi yake ilielezwa kwa mafiga matatu: mtu aokoke, abatizwe, ajiandikishe kupiga kura.

Agosti 1980 Ronald Reagan alikwenda Dallas kuzungumza na maelfu ya wachungaji na waumini. Aliwaambia anajua kwamba wao hawawezi kumuidhinisha, lakini yeye anawaidhinisha wao na kazi yao. Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Ili kuelewa utamu wa sentensi ile lazima uijue sheria iliyo nyuma yake.

Tangu mwaka 1954, kwa kifungu kilichopendekezwa na seneta Lyndon Johnson wa Texas, taasisi za hisani zilizosamehewa kodi, makanisa yakiwemo, zimezuiwa kumpigia debe mgombea au kumpinga. Mchungaji anaweza kuhubiri kwamba utoaji mimba ni dhambi. Anaweza kuandikisha wapiga kura kwenye ukumbi wa kanisa, mradi asimfukuze mtu kwa sababu ya chama chake. Asichoruhusiwa ni kusema madhabahuni, "mchagueni fulani." Adhabu iliyoandikwa ni kupoteza msamaha wa kodi, ingawa kwa vitendo karibu hakuna kanisa lililowahi kuguswa. Julai 2025 mamlaka ya kodi yenyewe iliiambia mahakama kwamba mchungaji akizungumzia uchaguzi na waumini wake ndani ya ibada, kwa mtazamo wa imani, hajavunja kifungu hicho.

Sheria ya namna hii huzaa ubunifu, na ubunifu uliotia fora ni ule wa karatasi. Mwaka 1988 mhubiri wa televisheni Pat Robertson aligombea urais, akaangushwa, kisha mwaka uliofuata akatumia majina ya wafuasi wake kuanzisha Christian Coalition. Kijana mmoja, Ralph Reed, akapewa kuiendesha. Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi, mamilioni ya karatasi zao zilisambazwa makanisani, nyingine zikiwa ndani ya ratiba ya ibada, nyingine zikibanwa kwenye vioo vya magari watu wakiwa bado wanaimba.

Karatasi yenyewe ilikuwa rahisi. Juu picha mbili za wagombea, bega kwa bega. Katikati safu ya hoja. Kushoto na kulia neno moja moja: anaunga mkono, anapinga. Hakuna mahali palipoandikwa mpigie huyu. Ila tazama hoja zilivyotungwa: utoaji mimba uliitwa utoaji mimba "kwa kutaka tu". Mgombea anayesema mwanamke aamue mwenyewe na daktari wake akijikuta ameandikiwa "anaunga mkono" mbele ya maneno yale, ameshahukumiwa bila karatasi kutamka hukumu. Tume ya uchaguzi ya shirikisho iliishtaki Christian Coalition mwaka 1996, na mwaka 1999 mahakama ikalikubalia shirika katika hoja nyingi.

Mbinu ya pili ni kuweka hoja yenyewe kwenye kura. Mwishoni mwa 2003 mahakama kuu ya Massachusetts iliruhusu ndoa za jinsia moja. Novemba 2004, siku ile ile ya kumchagua rais, majimbo 11 yaliwauliza wananchi kama katiba zao zipige marufuku ndoa hizo. Yote 11 yalijibu ndiyo. Muumini ambaye Bush na mpinzani wake John Kerry hawakumsisimua alikuwa na sababu nyingine ya kwenda kituoni, na akishafika hawezi kuacha kuona jina la rais. Bush alishinda Ohio kwa kura kama 118,000, na Ohio ndiyo iliyompa ushindi.

Usiku ule msemo wetu ukapata umaarufu wake wa kudumu. Wapiga kura waliohojiwa wakitoka vituoni walipewa orodha ya mambo 7 wachague lililowagusa zaidi, na asilimia 22 wakachagua "maadili", wengi kuliko jambo jingine lolote. Magazeti yakatangaza zama mpya. Wakosoaji wakakumbusha mambo mawili. Ugaidi na vita vya Irak viliorodheshwa mbali mbali. Ukivijumlisha vinazidi maadili kwa mbali. Tena, nani atasema hajali maadili? Anayepinga vita naye anaona anapigania maadili.

Hapo ndipo udhaifu wa msemo huu ulipo. Makanisa ya Weusi wa Marekani yamejaa waumini wa dhati, wengi wao wahafidhina katika mambo ya familia, lakini kwa sehemu kubwa huwapigia kura Democrats. Nao wana uhamasishaji wao: Jumapili, ibada ikiisha, mabasi huwachukua moja kwa moja hadi kwenye vituo vya kura ya mapema. Hakuna anayewaita wapiga kura wa maadili. Kwa hiyo ukilisoma jina hilo, usilisome kama kipimo cha ucha Mungu, linataja kambi.

Na kambi hudai malipo. Mwaka 2016 Donald Trump, aliyeoa mara tatu na asiyejulikana kwa kwenda kanisani, aliwapa walokole kitu ambacho hakuna mgombea aliyewahi kuwapa: orodha ya majina, hadharani, ya watu ambao angechagua miongoni mwao jaji wa Mahakama ya Juu. Akamchukua Mike Pence, mwinjilisti wa Indiana, kuwa mgombea mwenza. Wainjilisti weupe wanane kati ya kila kumi wakampa kura. Aliteua majaji watatu, na Juni 2022 mahakama hiyo ikaifuta haki ya utoaji mimba ya mwaka 1973.

Shida ya kulipwa deni ni kwamba mdai hana tena sababu ya kubisha hodi, huku aliyepoteza akikosa usingizi. Miezi miwili haikupita, Kansas, jimbo la kihafidhina, likaombwa kuondoa ulinzi wa utoaji mimba katika katiba yake. Asilimia 59 wakakataa. Julai 2024 chama cha Republican kikaondoa kwenye ilani yake wito wa marufuku ya nchi nzima.

Ohio nako kuna kisa. Mwaka 2004, hoja ya ndoa iliyowatoa walokole majumbani iliandikwa kwenye karatasi ya kura kama Hoja Namba 1. Novemba 2023 wananchi wa jimbo hilo waliulizwa kama haki ya utoaji mimba iingizwe katika katiba, na safari hii waliofurika vituoni walikuwa wa upande wa pili. Asilimia 57 hivi walisema ndiyo. Nayo kwenye karatasi iliitwa Hoja Namba 1.