Payal: kikuku cha fedha, na kwa nini si cha dhahabu

Payal ni kikuku cha mguu wanachovaa wanawake wa Kihindi, kwa kawaida jozi, kila mguu na chake. Ni mkufu wa fedha unaolala juu ya kifundo, umening'inizwa njuga ndogondogo ziitwazo ghungroo, hata mvaaji akipita ukumbini waliomo chumbani wanajua ni nani. Mwenzake ni bichiya, pete ya kidole cha pili cha mguu, alama ya mke wa mtu. Watamil, watu wa kusini mwa India, huiita metti. Bwana harusi humvisha bibi harusi mguu wake ukiwa juu ya jiwe la kusagia.

Lakini bibi harusi huyo amejaa dhahabu kichwani, shingoni na mikononi. Mbona miguuni fedha? Kwa Wahindu, dhahabu ni ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, na kuishusha chini ya kiuno ni kumvunjia heshima. Huko Rajasthan, jimbo la India, enzi za wafalme, dhahabu mguuni ilikuwa hadhi ya kupewa na mtawala, si ya kujinunulia. Wapo pia wanaosema fedha hupoza mwili. Hiyo mimi naiacha kwa wenyewe.

Ukienda kununua, kwa mfano Johari Bazaar mjini Jaipur, sonara (neno hili tumelitoa kwao, kama bangili) atapima kwa gramu, azidishe kwa bei ya siku, kisha aongeze malipo ya ufundi. Ulizia ufundi mapema, maana ndipo bei inapopandia. Tafuta chapa ya 925, yaani sehemu 925 za fedha katika 1000, na zaidi ya hapo alama ya BIS, shirika la viwango la India. Tarakimu peke yake yeyote anaweza kuigonga.

Kinachoitwa "German silver" hakina fedha hata chembe: ni shaba, zinki na nikeli. Sumaku haitakusaidia hapo, kwani haikivuti hicho wala fedha yenyewe. Na vikuku vinene vya kizamani vyenye uwazi ndani, vitikise kwanza: vingi hujazwa lakiri (utomvu mgumu kama nta), na mizani haijui lakiri ni ipi na fedha ni ipi.