Ukuta wa mawe wa zamani usiuzibe kwa simenti

Nimeulizwa tena: "Fundi, si tutie simenti ya kutosha ili ukuta usitusumbue?" Hapana. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa hutengenezwa kwa chokaa, hata kama nyufa zinatisha.

Watu wanaamini mota, yaani udongo wa kujengea unaoshikanisha mawe, ikilishinda jiwe kwa ugumu, kazi ni imara. Ni kinyume kabisa. Kuta hizi kwa kawaida hazina tabaka la kuzuia unyevu. Maji hupanda kutoka ardhini, mvua huingia, na unyevu hutoka kupitia maungio ya mawe, maana chokaa ina vitundu vingi. Ukiyaziba kwa simenti, maji yanatafuta njia kwenye jiwe lenyewe. Yanapokauka huacha chumvi, chumvi inajijenga chini ya uso wa jiwe na kulisukuma, jiwe linameguka unga unga. Katazame ukuta uliozibwa hivyo: mistari ya simenti imetokeza kama mbavu, mawe yamerudi ndani. Mota iliyochakaa unaing'oa na kuweka nyingine. Jiwe la asili utalirudishaje?

"Basi tuchanganye simenti kidogo tu." Hili ndilo linanichosha zaidi! Hiyo kidogo haitoshi kushikanisha mchanga, na mara nyingi mota hutoka dhaifu kuliko ya chokaa tupu. Ukitaka ikaze mapema, tumia chokaa ya aina inayoganda hata majini, tena ile isiyo kali.

Kipimo cha chokaa 1 kwa mchanga 3 ni pa kuanzia tu; kipimo cha mchanga wako kitafute hivi. Jaza mchanga mkavu kwenye chombo, mimina maji hadi yafike usawa wa mchanga. Maji yaliyoingia ndiyo kiasi cha chokaa kinachohitajika kujaza mianya. Mchanga uwe wa chembe zenye kingo kali, si za mviringo, wenye chembe kubwa na ndogo.

Kwenye granaiti bado nasita. Jiwe hili halinywi maji, chokaa laini inakawia kushika, na hata ile inayoganda majini huniachia nyufa ndogo ndogo.

Mengine ni kazi ya mkono: kwangua maungio kina mara mbili ya upana wake, lowesha, shindilia, funika kwa magunia mabichi siku kadhaa. Mota ikianza kukaza, igonge kwa ncha za brashi ngumu, na usiipake juu ya uso wa mawe.