Hekalu Kubwa la Thanjavur: kivuli kipo, na majina yamo ukutani

Ukimtajia mtu hekalu la Brihadisvara lililoko Thanjavur, jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, huenda jambo la kwanza atakalokuambia ni kwamba mnara wake hauna kivuli. Eti mafundi wa kale waliupima kwa hesabu za siri, kivuli kisiguse ardhi hata siku moja.

Kivuli kipo. Mnara ule una urefu wa takriban mita 60, umejengwa kama piramidi, mpana chini na mwembamba juu. Jua la utosini likiwaka, kivuli cha juu kinaangukia kwenye kitako cha mnara wenyewe, na mgeni aliyefika saa sita mchana anaondoka akidhani ameona muujiza. Angerudi saa kumi na moja jioni angekikuta kimelala uani. Hata saa sita mchana ya Desemba, jua likiwa limeegemea kusini, ncha ya kivuli inaangukia uani upande wa kaskazini.

Jambo la pili linalosimuliwa ni jiwe la kileleni. Wanasema ni pande moja la tani 80, likavutwa na tembo juu ya mteremko wa udongo wa kilomita 6. Wataalamu waliolichunguza jengo kwa karibu wameonyesha kuwa kuba lile limeunganishwa kwa vipande vingi vya mawe. Kwangu mimi hilo halipunguzi kitu. Thanjavur iko katika uwanda wa mto Kaveri, nchi ya tope na mpunga isiyo na miamba. Graniti yote ya hekalu lile ilisafirishwa kutoka mbali, ikachongwa, ikapandishwa, na ujenzi ukakamilika mwaka 1010 hivi. Kazi hiyo inatosha kustaajabiwa bila kuongezewa tani.

Wengine hudhani kila kilichomo uani ni cha siku moja. Sivyo. Fahali mkubwa Nandi, aliyechongwa katika jiwe moja, anayepigwa picha kuliko kitu kingine chochote pale, aliwekwa karne kadhaa baadaye na watawala wa Nayak. Wao pia walipaka michoro yao juu ya ile ya Wachola, ukoo wa kifalme wa Kitamil uliolijenga hekalu, na ya zamani ikafichika mpaka mwaka 1931 ilipogunduliwa chini ya rangi.

Wala si gofu. UNESCO ililiingiza katika urithi wa dunia mwaka 1987, na sasa limo kwenye orodha pamoja na mawili mengine kama mahekalu makuu ya Wachola yaliyo hai. Mungu wa Kihindu Shiva anaabudiwa humo kila siku, na tarehe 5 Februari 2020 umati mkubwa ulihudhuria ibada ya kulitakasa upya. Hapa kwetu tumezoea kuchanganya Mhindi na Mhindu, kisha tunadhani mahekalu yao yote ni mamoja. Mengi tunayoyaona Dar es Salaam na Mombasa yalijengwa na watu wenye asili ya Gujarati. Hili ni la Watamil, na wenyewe wanaliita Periya Kovil, yaani Hekalu Kubwa.

Dhana inayoniuma zaidi ni ile isemayo kuwa waliolijenga na kulihudumia hawajulikani. Zamani hata mjenzi mwenyewe alibishaniwa, wasomi wakimtaja mfalme huyu na yule, hadi Eugen Hultzsch, mtaalamu wa maandishi ya kale, alipoyasoma maandishi ya kuta mwaka 1886 na kuthibitisha kuwa ni Rajaraja wa Kwanza, mfalme wa Wachola. Mfalme huyo aliamuru zawadi zichongwe kwenye jiwe: alizotoa yeye, alizotoa dada yake Kundavai, walizotoa wake zake, na walizotoa watu wengine.

Na mambo yalichongwa kwa kina ajabu. Taa moja isiyozimwa ilitengewa kondoo majike 96 ili samli yake isikatike. Fedha za hekalu zilikopeshwa vijiji kwa riba ya asilimia 12.5 kwa mwaka, na riba hiyo ikagharimia ibada. Wapiga ngoma, wanamuziki, washonaji, masonara, maseremala, vinyozi na madobi, kila mmoja ana fungu lake ukutani.

Kisha wapo wachezaji ngoma, wanawake 400 waliohamishwa kutoka mahekalu mbalimbali ya nchi ya Wachola. Baadaye sana, chini ya Waingereza, wanawake wa kazi hiyo walidharauliwa na kuitwa makahaba, na bado wapo wanaodhani ndivyo walivyokuwa tangu mwanzo. Ukuta unaeleza habari nyingine. Kila mwanamke ametajwa kwa jina, hekalu alikotoka, mtaa aliopewa na nyumba yake ni ya ngapi. Kila mmoja alipata nyumba na fungu la ardhi lililokadiriwa kutoa kalam 100 za mpunga kwa mwaka (kalam ni kipimo cha kale cha nafaka). Akifa au akihamia nchi nyingine, fungu linachukuliwa na ndugu yake wa karibu atakayefanya kazi ile. Ndugu huyo akiwa haiwezi, amchague mwingine anayeiweza.